Sikio la Kushoto Lilivyotegwa

Usiku wa kuamkia leo niliota sikio langu la kushoto limehama. Halikukatika wala kuanguka. Limehama, kama mpangaji. Si ajabu sana. Mafua yalinilaza wiki nzima, na jana mchana upande huo ukazima ghafla kama redio iliyoishiwa betri. Dada yangu Tunu alinifokea niende hospitali hapo hapo. Nikamwambia, "Litazibuka lenyewe, dada. Sikio halina haraka."

Kumbe lilikuwa nayo.

Basi niko kliniki ya masikio, na msuli wangu wa kulalia. Tumejaa kwenye mabenchi, na nesi anaita majina kwa kunong'ona. Hakuna anayeinuka.

"Nesi, paza sauti kidogo."

"Anayesikia haumwi," ananijibu. "Anayeumwa hasikii. Ndiyo maana hatuna foleni."

Sikuona kosa lolote hapo. Nikaingia bila kuitwa.

Daktari ni chupa ya dawa, ya kahawia, imevaa koti jeupe.

"Limezima lini?"

"Jana."

"Ukawa unangoja nini?"

"Lizibuke."

Chupa ikajitikisa kwa hasira, kama inavyotakiwa kabla ya kutumiwa. "Kijana, sikio la kufa halisikii dawa. Dawa ndiyo mimi. Lako bado lasikia, ila likishafika makaburini nitabwabwaja bure. Tega sikio!"

"Nakusikiliza, daktari."

"Nimesema tega." Akanikabidhi mtego wa panya, ule wa chuma wenye meno.

Nafungua mlango wa kliniki, nje ni njia ya makaburini. Sikio langu liko mbele, linaburuta sanduku, wala halitazami nyuma. Nakimbia, halikaribii. Miguu inachoka, njia inafupika.

"Nitie chambo, mwenzangu, usishangae," mtego ukaniambia.

"Chambo gani? Dagaa?"

"Dagaa wa nini, hilo paka? Tia umbea."

Nikauinamia, nikanong'ona: "Jamani, mmeyapata ya mwenye nyumba wetu? Zile ndevu nyeusi zote ni piko!"

Sikio likasimama.

"Nani kakwambia?" likauliza kwa mbali.

"Mkewe mdogo. Na si hilo tu. Lakini sogea, nisije nikasikika."

Likatupa sanduku, likaja mbio. Paa! Mtego ukafyatuka.

"Muongo mkubwa wewe!" sikio likapiga yowe. "Mke mdogo yupi? Yule hana hata mkubwa!"

"Twende kwa daktari kwanza. Utanitukana njiani."

Nikaamka. Kumekucha, na Tunu amesimama kushoto kwangu, midomo inamcheza. Sisikii neno. Nikamgeuzia upande wa kulia.

"Nasema hivi, leo huna pa kukimbilia!" alikuwa akisema. Akaniinamia kulichungulia sikio la kushoto. "We, ulilalia nini? Mbona una alama za meno hapa chini? Na kutu?"

Nikalipapasa. Kweli, vishimo viwili, na sikio lenyewe linavuta taratibu kuelekea dirishani.

Nikauchukua mkono wa dada yangu nikaubana pale pale.

"Shika hapa, nivae viatu," nikamwambia. "Na usiliachie mpaka tufike hospitali."