Mguu Mmoja kwa Jirani

Miaka kumi na miwili ya udalali wa nyumba imenifundisha kutotamka neno moja tu: sijui. Mteja akiuliza kama maji yanatoka, yanatoka. Akiuliza jua la asubuhi linaingia chumba gani, nanyoosha kidole popote, mradi kisitetemeke. Nimeshakimbizwa na mbwa, nimeshafungiwa stoo na mpangaji mwenye hasira, na kidole bado kinanyooka.

Kisha nikampata mkunga mstaafu.

Mama huyu hakuangalia vigae wala hakufungua bomba. Aliweka kiganja kwenye ukuta wa sebule, ule uliotenganisha nyumba niliyokuwa nikimwonyesha na pacha wake, akauliza, "Upande wa pili anakaa nani?"

"Mwalimu mstaafu, mama. Mtulivu, muda wote yeye na vitabu vyake."

Mtu wa upande ule sikuwahi kumwona hata kisogo.

"Anasikia vizuri?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba anaishi na dada yake mkubwa ambaye macho yameshamwacha. Siku tatu kwa wiki yeye bado huenda kliniki kusaidia, na dada hubaki peke yake. Kule wanakotoka, dada aliteleza bafuni akaita tangu asubuhi hadi adhuhuri. Jirani wa ukuta mmoja alikuwepo. Aliongeza sauti ya redio.

"Kwa hiyo vigae vyako, mwanangu, nitaviona baadaye. Leo nataka kumjua mtu."

Hapo dari ikaanza kulia: trrr, trrr, kimya, trrr.

"Nini hicho?"

"Tawi la mti linakwaruza bati."

Akaenda dirishani, akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mti wenyewe uko wapi?"

Nikaona heshima inaniponyoka. Na kusema kweli, hata mimi sauti ile ilishaanza kuniwasha. Nikavuta ngazi iliyoachwa na wapaka rangi, nikasukuma mfuniko wa dari, nikapanda na suruali yangu ya kazi, ile pekee inayokubali kushika mkunjo.

"Unaona nini?" mkunga akauliza kutoka chini.

"Ukuta wa kati haukufika juu, mama. Umeishia darini."

Waliojenga waliishiwa tofali au waliishiwa hamu. Nyumba zilikuwa mbili lakini paa lilikuwa moja, na kati yake nafasi ya mtu kupita. Sauti ilitoka ng'ambo. Ningeweza kushuka, lakini mjuzi wa kila kitu akikutana na asichokijua, miguu humtangulia. Nikavuka. Nikakanyaga ubao wa kwanza, wa pili. Wa tatu haukuwa ubao.

Mguu wa kulia ukazama wote hadi kwenye paja. Wa kushoto ukabaki juu pamoja nami. Kiatu kikachomoka, suruali ikatoa mlio mrefu wa huzuni. Watu wakiaibika hutamani ardhi ipasuke iwameze. Yangu ilipasuka kweli, ila iligoma katikati.

Ile trrr ikakoma.

"Umeumia?" sauti ya mwanamume ikauliza kutoka chini, taratibu.

"Hapana, mzee."

"Afadhali. Uko peke yako, au kuna mwenzako anakuja na wa kushoto?"

"Ni mimi tu. Mimi ni dalali."

"Nilidhani madalali hupitia mlangoni." Nikasikia meza ikiburutwa, kisha stuli ikagusa wayo wangu. "Kanyaga hapo. Usivute kwa nguvu, kuna msumari."

Nilipomaliza kuteremka, mweupe kwa vumbi kama niliyepakwa unga, mkunga alishafika mlangoni. Chumba kizima kilikuwa vitambaa, na katikati cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Hapakuwa na kitabu hata kimoja.

"Shikamoo, mwalimu," mkunga akasema, akinitazama mimi.

"Mwalimu yupi?" akauliza fundi, tepu shingoni.

Nikatafuta kidole changu. Hakikunyooka.

"Mama, nilikudanganya. Huyu bwana simjui. Anasikia vizuri au hasikii, sijui."

Neno lenyewe likatoka hivyo, baada ya miaka kumi na miwili, na wala halikuniua. Mkunga akatikisa kichwa mara moja, akatoka bila kuaga. Nikajua mteja ameshakwenda.

"Vua hiyo nikuzibie," fundi akasema. "Mpasuko umekaribia kufika kwa mababu zako." Akanitupia kitambaa cha pazia, chenye maua makubwa.

Akakanyaga, cherehani ikanguruma. Tukakaa hivyo kidogo, yeye na suruali yangu, mimi na maua yangu. Ghafla akaondoa mguu.

"Anaita."

"Nani?"

"Yule mama."

Nilitega sikio. Sikusikia kitu, na masikio yangu hayana kasoro. Lakini fundi alishainuka, tepu ikimning'inia. Nikamfuata nikiwa nimeshikilia pazia, mbele ya mtaa mzima. Binti mmoja aliyekuwa akifagia nje akasimamisha ufagio hadi nilipopita.

Ndani ya ile nyumba tupu, mlango wa bafu ulikuwa umefungwa. Fundi hakuusukuma. Akabisha. "Mama, kuna tatizo?"

"Nilisema nini?" mkunga akauliza kutoka ndani.

"Umesema sabuni imekuponyoka."

Mlango ukafunguka. Mikono yake ilikuwa mikavu. Alimtazama fundi kwa muda mrefu, kama anayemkadiria mtoto uzito. Halafu akanigeukia, akanishusha kwa macho toka maua ya kiunoni hadi kiatu kimoja.

"Dalali, lete mkataba. Na mwambie mwenye nyumba, ule ukuta wa juu asithubutu kuumalizia."

Mkataba ulikuwa kwenye mfuko wa suruali, na suruali ilikuwa chini ya sindano.