Mwaka Chini ya Mbao

…hamsini na moja, hapana, futa, paka chaki tena, labda ni arobaini na moja, chaki nayo hudanganya, sogeza taa, hiyo tano ina tumbo na nne haina tumbo, ni hamsini na moja tu, imegongwa kwenye mtutu, chini ya mbao, mahali pasipoonekana mpaka ufungue skrubu, na vita vilikwisha arobaini na tano, sasa babu alimpokonyaje adui bunduki ambayo haijatengenezwa… "Baba, mbona kimya?" ni shangazi, ananiita baba kwa kuwa nimerithi jina la babu, kakaa ng'ambo ya meza, mkoba mapajani, viatu kavivua, kana kwamba ghala la makumbusho ni sebuleni kwake, "au kazi imekushinda, tutafute fundi?" nacheka, namwambia ngoja shangazi, haraka haraka haina baraka, ila bibi yuko nyumbani anangoja jibu, bibi ambaye babu alimwacha akaenda vitani, shangazi akiwa bado mgongoni, wenzake wakamwambia olewa, huyo harudi, akawajibu mume wangu yuko vitani, akangoja hadi babu alipotokea hamsini na mbili, bunduki begani, akisema jeshi lilimchelewesha, aliwekwa kulinda mateka, na bunduki hii kaipata siku ya mwisho ya vita, huyu ndiye shahidi wangu, akaitundika ukutani, bibi akamkaribisha, baba yangu akazaliwa, na mimi nikapatikana, ukoo mzima umetundikwa kwenye msumari ule, na leo bibi anataka bunduki iwekwe kwenye kabati la vioo, na kibao chenye jina la mumewe na vita vyake, aione kabla hajafumba macho… lakini ngoja, ngoja kwanza, mtutu ukichakaa hubadilishwa, karakana za jeshi hufanya hivyo kila siku, mwaka wa bunduki yenyewe hugongwa huku, kwenye shingo ya chuma mtutu unapoingilia, ikiwa huku ni arobaini na mbili basi babu kapona, mzee kapona, chaki, kitambaa, lenzi… nyota ya kiwanda hii hapa, kali kama ya jana, na chini ya nyota hakuna kitu, "Hapo usihangaike," anasema shangazi, "hapo paliliwa na kutu zamani," nami sijamuuliza, wala hakuna kutu, kutu haichagui tarakimu ikaiacha nyota, hii ni tupa, mtu kakaa na tupa akausugua mwaka peke yake, babu bila shaka, mwongo we, mzee we… ila mistari hii imeteleza, mingine imekwenda mpaka kwenye nyota, myepesi, mingi mno, ni ya mkono usio na nguvu, na babu alikuwa akipinda nondo kwa goti, hii si kazi yake, na babu angejua kuna mwaka mwingine chini ya mbao, askari yeyote anajua, aliyefuta hakujua, "Unaonekana?" anauliza shangazi, "mwaka, unaonekana?" na sauti haina utani tena, nami namtazama vidole vinavyokunjua na kukunja mkanda wa mkoba, bibi hajui kusoma, wala babu hakujua zaidi ya jina lake, nyumba ile hamsini na mbili ilikuwa na msomaji mmoja tu, msichana wa shule ambaye, bibi husema, alisoma kila kitu, makopo, magunia, sabuni kabla haijaisha, alisoma na bunduki ya baba yake, akajua, akatafuta tupa, akasugua hadi mama yake akabaki na mume aliyecheleweshwa na si mume aliyekawia kwa hiari yake, kwa nani, wapi, hata yeye hajui, akanyamaza, akampikia, akamwosha miguu alipougua, akalia sana siku tunamzika, na mimi nilidhani nashika siri ya babu, kumbe huyu hakuja kujua mwaka, kaja kujua kama kazi yake imeshika, namba ya mtutu na ya shingo ni moja, haukubadilishwa, hakuna pa kujificha, kibao hicho sitakiandika na bibi nitamwambia nini sijui, hilo litanipata nyumbani, lakini huyu aliye mbele yangu, maisha yake yote yuko peke yake na hii, hata baba yangu hakuambiwa, nataka nimwambie nimeona shangazi, sasa tuko wawili, chaki imenijaa vidoleni, na yeye anainama juu ya meza, anauliza tena, polepole, "Unaonekana, au hauonekani?"