Ua la Nyuma ya Jiko

Delphine Mwape hakuwa mtu wa kujidharau, na kwa nini ajidharau? Digrii mbili alikuwa nazo, ya tatu ilikuwa njiani, na mimea ya Katanga aliijua kwa majina kama mama wa sokoni Kampemba anavyowajua wateja wake. Kwa hiyo siku alipoona ua dogo la zambarau nyuma ya jiko la baba yake mdogo, huko barabara ya Kinsevere, akashindwa kulitaja, moyo ulimruka. Alilisaka vitabuni miaka miwili. Halikuwamo. Ua jipya kabisa, jamani, na yeye ndiye wa kwanza kulipa jina!

Alilitafuta kwingine kwa miguu, akalipata kwenye vilima sita zaidi, mashina mawili hapa, matatu pale. Lakini ya nyuma ya jiko ndiyo yaliyonawiri. Kilichomsumbua ni kwamba kila akirudi, yalikuwa yamepungua.

"Ni mimi nayang'oaka," alisema baba yake mdogo, Papa Symphorien, bila aibu yoyote. "Mbele yangu nkambo yako, baba yangu, alikuwa anang'oa. Ile maua inamea paka fasi shaba iko chini, mahali pengine hapana. Bantu ba mine, bale ba migodi, bakiiona, tumekwisha."

Delphine alicheka, kisha akakasirika. Miaka yote hiyo elimu ilikuwa inatupwa jalalani! Akamweleza kuhusu vile vilima sita, na makala anayoandika kwa ajili ya jarida la mimea: jina la ua, picha yake, na vipimo vya mahali linapoota.

"Andika jina, mwana wangu. Fasi, hapana. Sema iko mu pori."

"Papa, siwezi kuandika uongo. Na hilo jarida linasomwa na watu ishirini dunia nzima, wazee wa maua tu."

"Na ile vilima sita ingine? Andika moja ya ile."

"Hapa ndipo nilipoliona kwanza, na pa kwanza ndipo panapoandikwa. Kazi yetu ndivyo inavyofanywa."

Mzee akashika jembe lake. Alikuwa na nyumba, mahindi, viazi vitamu, na wajukuu tisa waliokula hapo. Kitu kingine hakuwa nacho. Delphine aliyajua hayo yote, na bado makala akaituma, kwa sababu hamu ya kusomwa ilizidi hofu yake. Ikatoka, ikampa digrii ya tatu, na chuoni wakampigia makofi wamesimama.

Kati ya wale watu ishirini, kumbe mmoja alikuwa anakula mshahara wa kampuni ya migodi.

Kabla mwaka haujaisha, wageni walishuka uwanja wa ndege wa Luano, wakaja moja kwa moja mpaka nyuma ya jiko, makala mkononi. Wakapiga vigingi, wakatoboa ardhi. Shaba ilikuwepo, tena nyingi. Barua ya kuhama ikafuata. Delphine alikimbia ofisi hii na ile, akafoka mpaka sauti ikakauka, lakini vibali vilikuwa kamili.

Siku ya kuhama, injinia wao, kijana mpole aitwaye Dan, alimfuata uani.

"Docteur, kazi yako imetusaidia sana. Kuya ufanye kazi kwetu: bureau, gari, laboratoire yako mwenyewe. Swali moja tu. Ile maua iko fasi ingine?"

Daftari lake lilikuwa mkobani, vilima sita vimechorwa, kila kimoja na jina la mwenye shamba. Na maabara, jamani! Aliitamani tangu anavaa sare ya shule. Alimtazama Papa Symphorien akifunga godoro juu ya lori.

"Hakuna," akasema.

"Una hakika?"

"Mimi nimetembea vilima vyote kwa miguu, wewe unapita na gari, halafu unaniuliza kama nina hakika? Hakuna!"

Dan aliomba msamaha, akaandika, akaenda zake. Docteur akishasema, nani atabisha? Delphine alijiona ameweza, akapanda lorini kushika kamba upande wa pili wa godoro.

Papa Symphorien alikuwa amesikia yote. Hakumtazama, aliendelea kukaza fundo.

"Kumbe kudanganya unajua," akasema taratibu. "Kwa kilima yetu, ulikatala kudanganya ju ya nini?"

Delphine alivuta kamba.