Kihenge Kilichokwenda Mwezini

Watu husema mchezo wetu uliharibiwa na Baba Mkubwa Elisaria. Waongo. Ulikuwa umeshaharibiwa kwa wino mwekundu, na mimi niliyeutunga ndiye ninayejua.

Ilikuwa mwaka 1954. Nilikuwa mwalimu wa kwaya katika shule ya misheni mlimani Meru, nikatunga mchezo wa kuimba mwanzo hadi mwisho. Wameru waliokosa ardhi wanapanda roketi kwenda mwezini kutafuta pa kulima. Wanakuta mawe matupu na watu wenye macho matatu, wanabembelezana nao kwa nyimbo kumi na moja, kisha wanapanda mgomba. Kwetu, ukishapanda mgomba mahali, hapo ni kwako. Tukio hilo ndilo lililonifanya niandike mengine yote. Miaka mitatu nyuma watu wetu walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kutoka mashamba yao kule uwandani, yapewe walowezi. Baba Mkubwa alikuwa mmoja wao, na tangu siku ile alikuwa haimbi, hata kanisani.

Bwana shauri, Mzungu aliyetawala wilaya, alitaka kuyasoma maneno kwanza. Aliyarudisha akiwa amelikata kwa wino mwekundu tukio la mgomba pamoja na wimbo wake. Watu wa macho matatu aliwaacha.

"Kwenda mwezini hakumsumbui mtu, Mwalimu Eunike," aliniambia. "Lakini mgomba, hapana."

Nililia kwa hasira njia nzima ya kurudi. Mchezo ningeuacha palepale, ila Thomasi, fundi bati wa Ngarenaro, alikuwa ameshamaliza roketi. Aliisuka kwa mianzi na fito, akaipaka chokaa, juu akaivika kofia ya bati inayofunguka. Ilipendeza sana.

Kosa letu lilikuwa kuianika uani kwa kanisa, Jumamosi, kesho yake ikiwa sikukuu ya mavuno. Ibada ya mavuno mnaijua: kila kilichopo uani kinanadiwa, mikungu ya ndizi, kuku, maboga, chochote. Mzee wa kanisa Mikaeli hakuwa ameona roketi maishani mwake. Yeye aliona kihenge kizuri cha nafaka chenye mfuniko, akakinadi. Nilipomaliza kukusanya vitabu vya nyimbo na kutoka nje, Baba Mkubwa alikuwa anakifunga kwenye mkokoteni wa punda.

"Shikamoo, Baba Mkubwa. Hicho ni cha mchezo wetu."

"Marahaba. Hiki ni cha mahindi yangu."

"Lakini ni roketi!"

"Nimekinunua mbele ya Mungu na usharika mzima. Unataka nimnyang'anye Bwana sadaka yake?"

Nilimfuata siku nne. Nilimpelekea sukari, nikamtumia mchungaji, nikamnunia. Siku ya tano alisema, "Haya, chukueni. Ila kihenge changu hakiendi popote bila mimi. Nitapanda."

"Hutasema neno jukwaani?"

"Nina neno gani mimi na watu wa mwezini? Nitanyamaza."

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, maana Baba Mkubwa hajawahi kunyamaza hata msibani.

Mchezo ulichezwa alasiri, kwenye jukwaa la udongo uwanjani mwa shule. Bwana shauri aliketi mbele, karatasi mapajani, akifuata mstari kwa mstari kwa penseli. Thomasi alichoma maganda mabichi ya kahawa yawe moshi wa roketi, na safu tatu za mbele zikakohoa mpaka tulipofika mwezini. Mambo yalikwenda vizuri hadi pale palipokatwa. Niliinua mkono kwaya iruke moja kwa moja hadi wimbo wa mwisho.

Kofia ya bati ikafunguka. Baba Mkubwa akatoka na jembe, kibuyu cha maji na chipukizi la mgomba.

Alichimba. Alipanda. Alishindilia udongo kwa miguu yote miwili, akamwagia maji. Kisha akafumba mdomo na kuuimba wimbo wangu uliokatwa, wote, bila kutamka neno hata moja. Nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji. Kabla haujakatwa, miezi miwili alikuwa akitusikia tukiufanyia mazoezi. Kwaya ikampokea, nayo midomo imefumbwa. Mkono wangu ulibaki juu.

Bwana shauri alipekua karatasi mbele na nyuma. "Hili liko ukurasa gani?"

"Haliko, bwana," nilimjibu. "Hakuna aliyesema neno."

Aliishika ile penseli muda mrefu, akakosa pa kuiweka.

Baadaye iliamriwa mgomba ung'olewe. Kila aliyetumwa alirudi kusema jembe lake limevunjika, na Mikaeli peke yake alivunja majembe mawili. Mwaka uliofuata tulicheza tena, tukiuzunguka.

Baba Mkubwa alikuja kuumwagilia kila asubuhi, nikiwa darasani, akiimba kwa mdomo wazi sasa, maneno yote. Sauti alizikosea vibaya sana. Mimi ambaye sijawahi kumsamehe mtu sauti hata moja, sikumsahihisha.