Jina la Kwenye Tiketi

Litia wa kaunta alimrudishia Iosua pasipoti. "Mzee, tiketi inasema Leavasa Iosua. Pasipoti inasema Iosua Penaia. Majina yasipofanana siwezi kukupandisha ndege."

"Leavasa ni cheo changu cha uchifu. Nilitawazwa mwezi uliopita, Apia nzima inajua!"

"Pasipoti haijui, mzee."

Kaunta ingefungwa baada ya dakika kumi na tano. Iosua hakuweza kutulia, akisimama mara kwa mguu huu, mara kwa ule. Kesho asubuhi binti yake Sieni angepasuliwa moyo huko Auckland. Ndiye aliyemkatia tiketi, akaandika cheo kwa kujivunia baba.

"Inarekebishika," Litia alisema, akimpa simu. "Waambie waliouza tiketi kwamba Leavasa si jina lako."

Nyuma ya Iosua kwenye foleni alisimama binamu yake Tavita, aliyegombea cheo hicho hicho akashindwa. Alikuwa amekenua meno yote. "Sema, ndugu yangu. Sema kwa sauti, masikio yangu mazito."

Iosua alitazama saa ya ukutani. Nguruwe kumi na wawili walichinjwa kwa ajili ya jina lile.

"Leavasa si jina langu," alisema kwenye simu, kwa sauti iliyofika mlangoni. "Andika Iosua Penaia. Upesi, dada."

Tavita akapiga makofi. "Jamani, mmesikia wote?"

"Ukirudi kijijini watangazie," Iosua alisema bila kugeuka, macho yake kwenye vidole vya Litia vilivyokuwa vikichapa. "Mimi nakwenda kwa mwanangu."