Kufuli la Mtani

Mume wangu Shomari aliamini Chamazi nzima inaitamani kirikuu yetu, kigari cha mizigo ambacho kioo chake kimoja ni nailoni. Anatengeneza majokofu, na zana zote zinakaa humo. Jumatano saa nne tulitakiwa Kurasini, kwenye kantini ya madereva wa malori. Jokofu lao kubwa likipona, tunapewa mkataba wa mwaka mzima. Nilikuwa nimeuombea mkataba ule kuliko kitu chochote maishani. Basi Jumanne Shomari akaona gari lisilale bila kufuli jipya.

Duka la makufuli mtaani kwetu ni la Sebastian, Mnyamwezi. Sie Wazaramo, kwa hiyo ni mtani wetu, na neno la mtani haliaminiki hata akikupa pole msibani. Alitupokea kwa kumuuliza Shomari Mzaramo ana gari la nini, wakati anachojua ni ngoma tu, na ngoma haili petroli. Shomari akamjibu kwamba Mnyamwezi hawezi kuelewa gari, amezoea kubeba mzigo kichwani. Wakaendelea hivyo nusu saa, na mimi nimesimama juani.

Hatimaye Sebastian akaonyesha kufuli la usukani, akasema linatosha kabisa. Shomari akacheka: mtani kasema linatosha, basi ni bovu. Akaletewa la gia, likasifiwa, akalisukuma kando. Ndipo akaliona jingine, jeusi, zito, juu kabisa ya rafu.

"Hilo usichukue," Sebastian akasema. "Lina kasoro. Likifungwa halifunguki."

Shomari alitoka nalo amelikumbatia, uso umemchanua, akiniambia mtani alikuwa analificha kwa ajili ya Wanyamwezi wenzake. Nilimwambia Sebastian hakuwa anatania. Akaniuliza nimeolewa na Sebastian tangu lini.

Jioni alizungusha mnyororo mlango hadi mlango, akaufunga kwa kufuli lile. Jumatano saa moja asubuhi halikufunguka. Alilipaka mafuta, akalisomea dua, akaligonga kwa nyundo. Mwishowe nikampigia simu Sebastian, akaja na grainda yake ya kukatia vyuma, hana hata nguvu ya kucheka.

"Mara yangu ya kwanza kumwambia Mzaramo ukweli," alisema, "ona sasa."

Saa tatu mnyororo ukakatika. Nikarukia kiti cha mbele, lakini Shomari hakuja. Alisema gari sasa halina kufuli, na hawezi kulipeleka Kurasini kwenye watu wengi wasiojulikana. Akageuza ndoo, akaikalia mbele ya mlango, alilinde.

Nilikasirika kweli. Nilivuta begi la zana, nikaita bodaboda. Miaka kumi na miwili nimemshikia tochi mtu yule. Majokofu nayajua kama vyungu vyangu. Lile la Kurasini lilikuwa limeungua waya mmoja tu nyuma ya kompresa. Liliponguruma, msimamizi alitoa kalamu, akauliza aandike jina la fundi gani. Nikamtajia langu.

Shomari nilimkuta palepale kwenye ndoo. Nilimpa karatasi ya mkataba, akalisoma jina mara mbili, akaniuliza kama ninamtania.

"Mie si Mnyamwezi," nikamjibu, nikanyoosha mkono anipe ufunguo wa gari.