Ngazi Tatu za Mlangoni

...na walemavu wote wanakaribishwa, anasema Mzee Kibet, andika hivyo tu Chepkoech, halafu nukta, mimi vidole viko juu ya taipureta na havisogei, stensili ya kurudufia tangazo imeshaingia, tarehe nimeandika, tarehe ndiyo rahisi, Machi 1981, maktaba yetu, saa za kufungua, saa za kufunga, sasa sehemu ya walemavu kwa sababu huu ni mwaka wao wa kimataifa na wakubwa wanataka kila ofisi itangaze ina nini... ina nini, ina ngazi tatu mlangoni, kila moja sentimita kumi na nane, nimezipima kwa rula, lakini baada, si kabla, kabla niliangalia ramani ya mjenzi, humo mteremko wa viti vya magurudumu umechorwa vizuri kabisa na vipimo vyake, nikaviamini, mimi ninayesahihisha koma za watu, nikaandika kwenye tangazo la kwanza kwamba mteremko upo, wala sikutoka nje kutazama mlango ninaoupita kila asubuhi... "Kuna nini, mashine imekwama?" Hapana, Mzee... na Nasambu akalisoma kule kwao Plateau, Nasambu niliyekaa naye chumba kimoja chuoni miaka mitatu, akaja, kiti chake cha magurudumu kimefungwa kamba nyuma ya pikapu, walinzi wawili wakambeba, mmoja kwapani, mmoja magotini, kama gunia la mahindi, sketi ikapanda, watoto wa shule wakitazama, naye akacheka, akasema wewe msichana, huo mteremko wenu umeenda likizo? nikacheka pia, nilicheka kweli, wiki tano sasa hajaniandikia, wala sihisi chochote, nakula, nalala, napiga taipu... "Mzee, je, nikisema kuna ngazi?" "Unataka waseme tunapinga serikali? Ngazi zetu ni siri ya ofisi, mama." Anacheka, anapuliza chai, macho hayacheki, karani aliyekuwa meza hii kabla yangu alihamishwa kwa sababu ya barua moja tu aliyoandika gazetini, mpaka leo hatujui yuko wapi... basi labda tusitangaze kitu, karatasi tupu haidanganyi mtu, lakini tupu pia inamwacha Nasambu abahatishe, apande pikapu njia yote hiyo, abebwe tena, hapana, hakuomba kukaribishwa, alitaka kujua, ngazi tatu, mlango sentimita sabini na nne, choo kiko nje na njia yake ni mawe, ajue hayo akiwa nyumbani kwake, aamue mwenyewe, aje au asije, au aje na watu wake anaowaamini wambebe anavyotaka yeye... watanihamisha, nalifikiria neno hilo polepole, watanihamisha, na bado mlango utakuwa na ngazi tatu... "Umemaliza?" anauliza Mzee Kibet, hajainua macho kwenye kikombe, bado, nasema, vidole viko palepale, sijaongeza herufi hata moja, lakini vimeanza kuuma, vyote kumi, na nilikuwa nimesahau kwamba vinaweza kuuma.